Kufunga kihisi cha mwinamo kisichotumia waya kwenye ukuta wa kuzuia udongo: mwongozo kamili kwa nyumba za milimani Mwanza

Nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, kuanzia Igogo na Mabatini hadi Isamilo, zimesimama kwenye viwanja vilivyochongwa ubavuni mwa mlima. Udongo umekatwa upande mmoja, umejazwa upande mwingine, kisha ukajengwa ukuta wa mawe wa kuuzuia usishuke. Ukuta huo ndio uliobeba kiwanja, na mara nyingi umebeba na kiwanja cha jirani wa juu. Ukianza kushindwa, kwa kawaida hauanguki siku hiyohiyo. Unainama milimita chache mvua hii, milimita nyingine mvua ijayo, na anayeupita kila asubuhi ndiye wa mwisho kugundua.

Kihisi cha mwinamo ni kiboksi kidogo kinachobandikwa ukutani, kinapima ukuta umelala kiasi gani, kisha kinatuma kipimo hicho kwa redio hadi kwenye simu yako. Siku hizi vinapatikana kwa bei ambayo wenye nyumba wawili watatu wakichangishana wanaiweza. Kazi ngumu iko kwenye kukifunga. Kihisi hakijui kitu kinachoitwa ukuta. Kinajua tu bamba lililoshikizwa nacho. Bamba likilegea, lipu ikibanduka, jiwe moja likicheza kwenye saruji yake, kitakuletea habari za bamba, lipu au jiwe, na wewe utadhani ni habari za ukuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mahali pa kufunga, namna ya kushikiza, na jinsi ya kusoma namba zinazokuja. Mambo ya programu nitayapitia haraka, kwa sababu kila kifaa kina kitabu chake.

Neno moja kabla ya yote. Kama ukuta wako tayari umetoa tumbo, umepasuka ufa unaoingia kidole, au udongo wa juu yake umeachana na ukuta na kuacha mfereji, usitoboe kitu. Ondoa watu wanaolala chini yake na umwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kihisi ni cha ukuta unaosimama ambao unataka kujua kama utaendelea kusimama.

Kinachopimwa, na kisichopimwa

Ndani ya kiboksi kuna chipu inayohisi mvutano wa dunia. Ukuta ukilala kidogo, mvutano unagawanyika tofauti kwenye mihimili ya chipu, na kutokana na tofauti hiyo kifaa kinakokotoa pembe. Ni kazi ileile ya timazi ya fundi mwashi, ila hii inasoma sehemu ndogo sana za digrii, usiku na mchana.

Zizoee namba zifuatazo, zitakusaidia kila siku. Digrii 1 ya mwinamo ni milimita 17.5 kwa kila mita ya urefu. Digrii 0.1 ni milimita 1.75 kwa mita. Ukuta wa mita 3 ukiinama nusu digrii kutoka kwenye msingi, juu kabisa umesogea kama milimita 26. Jicho halioni milimita 26 kwenye ukuta wa mawe yasiyolingana, lakini mhandisi akizisikia anasimama.

Kuna mambo mawili ambayo kihisi hiki hakiyaoni kabisa. La kwanza, ukuta unaoteleza mzima mzima kuelekea bondeni bila kulala: pembe haibadiliki, kwa hiyo namba haibadiliki. La pili, kitu kinachojizungusha kwenye wima wake, kama jiwe kubwa linalogeuka polepole juu ya kitako chake. Kwa hayo mawili unahitaji alama za kupimia kwa mkono, nami nitayarudia mbele. Mtu anayekuuzia kihisi na kukuambia kitaona kila kitu hajakieleza vizuri.

Wakati wa kununua

Karatasi ya kifaa itakuwa na namba mbili zinazofanana machoni: udogo wa badiliko kinachoweza kuonyesha, na ukweli wa kipimo chenyewe. Kifaa kinaweza kuonyesha hadi digrii 0.001 na bado kikawa kinapotoka kwa digrii 0.1 joto likibadilika. Kwa ukuta wa nyumba, kifaa kinachotulia ndani ya digrii 0.01 hadi 0.02 kwenye joto la kawaida kinatosha. Usilipie zaidi ya hapo.

Namba inayostahili kusomwa mara mbili ni ile ya joto. Chipu za aina hii hupotoka kadiri joto linavyopanda. Chukua chipu ambayo haijarekebishwa kiwandani, inayopotoka sehemu moja ya elfu ya mvutano wa dunia kwa kila nyuzi joto 10. Kati ya alfajiri na saa nane mchana, kiboksi kilichopigwa jua kinaweza kupanda nyuzi joto 15 bila shida. Hapo utasoma mwinamo wa karibu digrii 0.086 ambao haupo. Kwenye ukuta wa mita 3 huo ni uongo wa milimita 4.5, kila siku, na usiku unajirudi. Nunua kifaa chenye kipimajoto ndani na kilichorekebishwa kwa joto, na hakikisha kinatuma joto pamoja na pembe. Kisichotuma joto kiache dukani.

Kuhusu redio, vifaa vingi vya kazi hii hutumia LoRa, teknolojia inayotuma ujumbe mdogo mbali kwa nguvu kidogo ya betri. Angalia masafa yake kabla hujalipa. Vinavyotengenezwa kwa soko la Marekani hufanya kazi kati ya megahezi 902 na 928, na sehemu ya masafa hayo hutumiwa na simu za mkononi katika nchi zenye mtandao wa GSM 900, yetu ikiwemo. Ukivileta hapa utagongana na minara ya simu. Vinavyofaa ni vya familia ya megahezi 868. Muulize muuzaji, kisha thibitisha na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa na kibali cha kifaa chenyewe, kwa sababu chombo chochote kinachorusha mawimbi nchini kiko chini yao.

Kuhusu maji na vumbi, dai alama ya IP67. Betri nyingi ni za lithiamu za volti 3.6 zisizochajiwa. Usijaribu kuzichaji, zinalipuka.

Kuusoma ukuta

Kama una uhuru wa kuchagua wakati, funga kati ya Juni na Agosti. Mvua za vuli huanza Oktoba, kwa hiyo utakuwa na wiki za kutosha za kujua tabia ya ukuta ukiwa mkavu. Anayefunga katikati ya masika anaanza kusoma kitabu kutoka ukurasa wa katikati.

Tembea na ukuta wote taratibu, juu na chini. Tafuta matundu ya kutolea maji. Yapo? Yanatoa maji baada ya mvua, au yamezibwa na udongo na mifuko ya plastiki? Mara nyingi ukuta wa kuzuia udongo hauangushwi na udongo peke yake. Unaangushwa na maji yaliyokosa njia nyuma yake. Kama matundu yameziba, yazibue kwanza. Kazi hiyo ya nusu siku inaweza kuulinda ukuta kuliko kihisi chochote. Angalia pia bomba la maji machafu la jirani wa juu linaishia wapi, na maji ya bati lake yanamwagikia wapi.

Kisha chagua mahali. Kihisi kikuu kiwekwe kwenye theluthi ya juu ya ukuta, katikati ya sehemu iliyo ndefu zaidi kwenda juu, mbali na kona, kwa sababu kona hushikana na hazilali mapema. Ukiweza kununua vihisi viwili, cha pili kiweke chini, karibu theluthi ya kwanza kutoka ardhini. Vikibadilika sawasawa, ukuta unalala mzima kutoka kwenye msingi. Cha juu kikilala kuelekea bondeni na cha chini kikabaki, au vikapishana, ukuta unatoa tumbo au unakatika katikati. Hizo ni hatari mbili tofauti zenye matibabu tofauti, na mhandisi atakushukuru ukimpa taarifa hiyo tayari.

Kama mfuko unaruhusu cha tatu, kiweke kwenye mwamba wenyewe, ule mkubwa uliozama ardhini ambao hautikisiki, karibu na ukuta na wenye jua na kivuli sawa nao. Hicho ni shahidi. Mwamba mama haulali kwa mvua ya wiki moja. Kihisi cha mwamba na cha ukuta vikipanda pamoja saa nane mchana na kushuka pamoja usiku, ni joto. Cha ukuta kikienda peke yake, ni ukuta. Mwanza tumezungukwa na mawe, kwa hiyo shahidi huyu anapatikana karibu kila kiwanja, na kwa maoni yangu ana thamani kuliko kihisi cha pili cha ukutani.

Lakini chunguza kwamba ni mwamba mama kweli. Mawe mengi makubwa ya vilima vyetu ni mabaki ya granaiti yaliyoachwa juu baada ya udongo laini kuoshwa pembeni, na mengine yamekalia udongo tu. Angalia kitako chake. Ukiona udongo umeliwa chini yake, au fimbo inapenya, hilo si shahidi; hilo nalo linahitaji kufungiwa kihisi.

Sasa chagua jiwe lenyewe la kutoboa. Chukua nyundo ndogo, gonga mawe ya eneo hilo moja moja. Jiwe lililoshikwa vizuri na saruji hutoa mlio mkali, mfupi. Lililolegea hutoa mlio mzito, wa uwazi. Weka kiganja juu ya jiwe ukigonga kwa mkono mwingine. Lililolegea utalihisi likitetemeka. Chagua jiwe kubwa, lenye uso wa kutosha bamba zima, lisilo na ufa. Usitoboe kwenye kiungo cha saruji kati ya mawe, wala juu ya lipu. Kama ukuta umepigwa lipu, ibandue mahali pa bamba mpaka ufike kwenye jiwe au zege.

Na kama ukuta uko mpakani, mwenzako wa juu ajue kabla hujaleta drili. Nenda jioni, msalimie mzee wa nyumba, mweleze kwamba unachofunga kinailinda na nyumba yake. Mara nyingi mazungumzo hayo ndiyo yanayozaa mchango wa kihisi cha pili, na ruhusa ya kuelekeza maji ya bati lake kwingine.

Mezani kwanza

Usipande na kifaa ukutani kabla hakijafanya kazi mezani. Kila kihisi kina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 16, na ufunguo wa siri wenye herufi na tarakimu 32. Viko kwenye karatasi ndani ya boksi au kwenye lebo. Vipige picha mara moja, uviandike na kwenye daftari, maana lebo hufutika. Kosea tarakimu moja tu na kifaa hakitaungana na mtandao, wala hakitakuambia kwa nini.

Sajili kwanza getiwei, yaani kipokezi kikuu kinachopokea mawimbi ya vihisi na kuyapeleka intaneti. Kisha sajili kihisi, kiwashe (vingi huwashwa kwa sumaku au kitufe cha ndani), usubiri kiungane. Kama betri imekaa stoo muda mrefu, kinaweza kushindwa mara ya kwanza kwa sababu betri za lithiamu za aina hii hujijengea utando ndani zikikaa. Kiwashe tena, kiache kitume mara kadhaa, kitazinduka. Panga kitume kila baada ya dakika 30. Kama kifaa kina uwezo wa kujibadilisha chenyewe, kiambie kitume kila dakika 5 pembe ikibadilika kupita kiwango.

Sasa kipime kifaa chenyewe. Kiweke juu ya meza imara, soma pembe. Kizungushe nusu duara palepale, soma tena. Tuseme mara ya kwanza umepata 0.32, mara ya pili kasoro 0.18. Jumlisha, gawa kwa mbili: 0.07. Hilo ndilo kosa la kuzaliwa la kifaa chako. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa mbili: 0.25. Huo ndio mwinamo halisi wa meza. Kosa la 0.07 halina madhara kwa sababu sisi tunafuatilia mabadiliko, lakini liandike.

Hatua inayofuata, tafuta ubao ulionyooka au bomba la mraba la chuma. Weka vitako viwili vyembamba chini yake, vilivyo mbali mita 1 kamili, funga kihisi juu, soma. Ongeza kipande cha milimita 10 chini ya kitako kimoja, soma tena. Tofauti iwe karibu digrii 0.57. Ikiwa 0.5 au 0.65, rudia kwa makini. Ikizidi kung'ang'ania, rudisha kifaa dukani. Mwisho wa majaribio, kiache sakafuni kwenye chumba kinachopata joto la mchana, siku moja nzima, uone kinavyopanda na kushuka bila ukuta wowote. Mchoro huo utunze. Ndiyo sauti ya kifaa kikiwa peke yake.

Getiwei na mawimbi ya mlimani

Granaiti haipitishi mawimbi vizuri. Kihisi kilicho nyuma ya jiwe la ukubwa wa nyumba kinaweza kushindwa kufika mita 200, wakati kilicho wazi kuelekea ziwani kinafika kilomita nyingi juu ya maji. Kwa hiyo weka getiwei mahali ambapo, ukisimama, ungeuona ukuta wako. Mara nyingi mahali hapo pako ng'ambo ya bonde, kwenye nyumba ya ndugu au rafiki, kuliko juu ya bati la nyumba yako mwenyewe iliyo chini ya ukuta. Na ipo sababu nyingine ya kupenda ng'ambo: ukuta ukianguka juu ya nyumba, usianguke na kipokezi kilichopaswa kutoa taarifa.

Antena isimame wima, juu ya bati na si chini yake, mbali na chuma angalau sentimita 35. Jaribu kabla ya kufunga: mtu mmoja ashike kihisi palepale kitakapokaa, mwingine aangalie kwenye simu. Nguvu ya mawimbi (huandikwa kwa dBm, na iliyo karibu zaidi na sufuri ndiyo bora) ikiwa bora kuliko kasoro 110, uko salama. Ikikaribia kasoro 120, sogeza getiwei. Usiridhike kwamba "inafika". Mawimbi yakiwa hafifu, kihisi kinalazimika kutuma taratibu sana ili kisikike, na ujumbe mmoja unaweza kuchukua zaidi ya mara 20 ya muda wa kawaida. Betri ya miaka inakuwa ya miezi, na itakufa kwenye mvua.

Umeme ukikatika, getiwei isizime. Iwekee betri na paneli ndogo ya sola, pamoja na laini ya simu yenye kifurushi kisichokwisha usiku. Paneli ifutwe mara kwa mara, hasa baada ya wale wadudu wa ziwani kupanda kama moshi na kutua kila mahali. Na usifanye mchezo na radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana Afrika, na ngurumo nyingi huja usiku na alfajiri. Antena ya nje iwe na kikinga radi kilichounganishwa na waya wa shaba hadi kwenye fimbo ya ardhini. Kwenye mwamba fimbo haizami, kwa hiyo tafuta mfuko wa udongo hata kama waya utakuwa mrefu, na mwachie fundi umeme apime.

Kufunga

Andaa bamba la chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 4 au 5, lenye matundu matatu ya boliti. Matatu, si manne. Uso wa jiwe haujanyooka, na bamba la pointi tatu hukaa lenyewe bila kuyumba, wakati la pointi nne hulazimishwa na kukaa likiwa limejikunja. Chuma kilichojikunja hujinyoosha polepole kwa wiki nzima, na kihisi kinakuandikia kila hatua.

Weka bamba kwenye jiwe, tumia pima maji kulinganisha mhimili wa kifaa: mshale wa X uelekee bondeni, wa Y uende sambamba na ukuta. Weka alama za matundu. Toboa kwa drili ya kugonga, biti ya ukubwa ulioandikwa kwenye maelezo ya boliti na epoksi (gundi ya kushikiza boliti) zako, kina cha milimita 60 hadi 70. Granaiti ni ngumu. Toboa kwa vipindi, mwage maji kidogo, usiisukume drili kwa nguvu mpaka ikapanua mdomo wa tundu. Vaa miwani na barakoa, vumbi la granaiti lina silika inayoharibu mapafu.

Sasa fanya kazi ambayo wengi huiruka. Ingiza mpira wa pampu ya baiskeli hadi mwisho wa tundu, puliza. Ingiza brashi ya waya, zungusha. Puliza. Brashi tena. Puliza mpaka hewa inayotoka haina unga. Unga ukibaki, epoksi inashika unga badala ya jiwe, na boliti itaonekana imara siku ya kwanza na kuanza kucheza mvua ya kwanza. Tundu likiwa limelowa, subiri likauke. Jaza epoksi kutoka chini kuja juu, ingiza boliti ukiizungusha, futa inayofurika, na usiguse mpaka kesho.

Kesho yake weka bamba, pete za springi (washa) na nati, kaza kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi nyekundu unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye bamba. Siku mstari utakapokatika, utajua nati imelegea kwa kutazama tu. Kisha funga kihisi kwenye bamba, angalia mpira wa mfuniko haujakunjika wala kushika mchanga, kaza skrubu za mfuniko kwa mshazari, na elekeza antena wima.

Kivuli ni lazima. Tengeneza kofia ya bati iliyoshikizwa ukutani kwa misumari yake yenyewe, isiyogusa kihisi wala bamba, yenye nafasi ya hewa pande zote, na isiyofunika antena. Fikiria jua la mwaka mzima: Mwanza iko takriban digrii 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua linapita kaskazini yetu na Desemba linapita kusini. Ukuta unaotazama kusini ulio kivulini unapofunga Julai utapigwa jua Desemba, na namba zitabadilika tabia bila ukuta kubadilika. Unaotazama magharibi unapata la jioni mwaka wote.

Mijusi, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, watapenda kukaa juu ya kofia hiyo. Waache. Kama ziara za mjusi zinaonekana kwenye mchoro wako, basi bamba limelegea, na amekufanyia ukaguzi.

Sufuri na wiki za kwanza

Usiweke sufuri siku ya kufunga. Epoksi inaendelea kukomaa na boliti zinatulia. Subiri siku saba, kisha chukua wastani wa vipimo vya saa 11 alfajiri kwa siku tatu mfululizo. Alfajiri jua halijaanza, na ukuta, hewa na kiboksi vimekaribiana joto. Hiyo ndiyo sufuri yako. Tangu hapo, unapolinganisha leo na wiki iliyopita, linganisha saa 11 alfajiri na saa 11 alfajiri. Anayelinganisha alfajiri na mchana anapima jua.

Siku hiyohiyo weka vipimo vya mkono. Ning'iniza timazi kutoka juu ya ukuta, pima umbali wa uzi hadi ukutani sehemu tatu, andika. Kwenye kila ufa, gonga misumari miwili ya chuma, mmoja kila upande, upime umbali kati yake kwa kalipa. Kwa ajili ya kuteleza, kaza waya kutoka mwamba mama hadi mwamba mwingine mbele ya ukuta na upime toka waya hadi msingi. Hapa ndipo unapokamata yale mambo mawili ambayo kihisi hakiyaoni. Rudia kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa. Weka pia kopo la kupimia mvua uani.

Kwa wiki tatu au nne, usiguse kitu. Angalia tu. Mchoro mzuri wa ukuta mkavu hupanda na kushuka kila siku kwa mpangilio mmoja, sambamba na joto. Kama kuna watu wanapasua kokoto karibu, utaona mchomo wa ghafla unaorudi palepale. Huo ni mtikisiko. Unaotafuta ni mstari unaoondoka na usirudi.

Tahadhari ziende kwa nani

Ngazi ya kwanza ipange kutokana na ukuta wako. Kama kawaida yake ya siku ni digrii 0.03, weka tahadhari kwenye 0.1 kutoka sufuri, na iwe imedumu kwa vipimo sita mfululizo, ili mchomo mmoja usiamshe nyumba nzima. Ngazi ya pili iangalie kasi. Watafiti wa Japani waliochunguza miteremko ya udongo kwa vihisi hivi walipendekeza tahadhari kwenye kasi ya digrii 0.01 kwa saa, na onyo la hatari kwenye 0.1 kwa saa. Kuta za mawe si miteremko, kwa hiyo namba ya mwisho ya kuhama aiweke mhandisi aliyeuona ukuta wako. Lakini kumbuka digrii 0.1 kwa saa kwenye ukuta wa mita 3 ni milimita 5 kila saa. Hakuna wa kusubiri hapo.

Ongeza tahadhari ya ukimya. Kihisi kisipotuma kwa saa mbili, simu ilie. Ukimya katikati ya mvua uuchukulie kama ngazi ya kwanza.

Ujumbe wenyewe uandikwe kwa maneno ya mtu aliyeamshwa saa tisa usiku. "Pembe X imevuka kiwango" haumsaidii mtu. Andika: "Ukuta wa nyuma unasogea. Tokeni vyumba vya nyuma sasa. Pitieni mlango wa mbele, mkutane barabarani." Uende kwa watu wanne angalau: wawili wanaolala nyumbani, jirani wa chini, na mwenyekiti wa mtaa. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iwe ndani ya ujumbe huohuo. Fanyeni zoezi mara moja, usiku, watoto wakiwemo. Msichana wa kazi na wapangaji wa nyuma wawe wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu ndio wanaolala karibu na ukuta.

Baada ya hapo

Kila kabla ya masika na vuli, kagua mstari wa rangi kwenye nati, zibua matundu ya maji, toa viota vya nyigu chini ya kofia, ufute paneli. Usiiamini asilimia ya betri: volti za lithiamu hizi hukaa palepale muda mrefu kisha huporomoka mwishoni. Badilisha kwa tarehe, Agosti, kabla haijaomba. Ukifungua mfuniko na kuufunga, namba inaweza kuruka kidogo. Andika kipimo cha kabla na cha baada, na tofauti hiyo uihesabu kwenye sufuri.

Baada ya tetemeko la ardhi, kama lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lililofikia kipimo cha 5.9, usitosheke na mchoro kurudi kwenye mstari. Zunguka na nyundo, timazi na kalipa, upime upya kila alama, na sufuri mpya iwekwe tu baada ya mhandisi kukubali.

Vipimo vyote, funguo za vifaa, picha za boliti na tarehe za betri viandikwe kwenye daftari moja linalokaa ndani ya nyumba, siyo kwenye simu ya mtu mmoja. Mpangaji akihama, namba yake itolewe kwenye orodha ya tahadhari siku hiyohiyo, na ya anayeingia iwekwe kabla hajalala usiku wa kwanza.